Fundi Aliyetangaza Kiuno cha Mteja

Saa mbili asubuhi, Mama Pindo anachora kola ya shati la shule kwa chaki. Simu imelazwa kifudifudi mezani. Inatetemeka, haigusi.

"Ni yeye," anasema, mkasi ukiendelea kukata. "Huwa ananitukana kwanza, ndiyo anywe chai."

"Yeye" ni mteja wake wa zamani, anayeishi nchi nyingine na mwenye wafuasi elfu arobaini mtandaoni. Mama Pindo ana miaka arobaini na saba. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu pindo zake hazifumuki.

Mwaka jana mteja huyo aliagiza gauni la harusi. Alijipima mwenyewe, akatuma vipimo kwa simu: kiuno, inchi thelathini na mbili. Daftari la fundi lilisema arobaini na moja.

"Nikasema labda amepungua. Mwanamke akishakutajia kiuno chake, utabishana naye?"

Gauni lilifika, likakataa kufungika kiunoni. Siku hiyohiyo ikatoka video: fundi mwizi, mchawi, malaya. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu hakutosheka na mama. Alibandika picha ya binti wa Mama Pindo, mwenye miaka kumi na tano, akaiandikia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Binti alikaa nyumbani wiki tatu, hataki shule.

Mama Pindo alikwenda polisi. Anakumbuka jibu la ofisa neno kwa neno: "Mama, huyo yuko nje, sisi mkono wetu haufiki. Mfungie tu kwenye simu."

Binamu yake anayeishi huko aliko mteja alijaribu polisi wa huko. Akaambiwa kwamba hakuna aliyetishiwa kuuawa, kwa hiyo hayo ni maoni. Wenye mtandao nao walijibu kwa ujumbe wa mashine kuwa video haivunji kanuni.

Alivumilia miezi minne. Halafu akafanya kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya: alipiga picha ukurasa wa daftari, wenye jina la mteja, kifua, kiuno na nyonga, akauweka hadharani. Chini akaandika, "Gauni halina kosa. Aulizwe aliyejipima."

Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu askari wawili walisimama mlangoni na hati ya kumwita mahakamani. Kaka wa mteja, anayeishi mtaa wa pili, alikuwa amelalamika kwa niaba ya dada yake. Shtaka ni kutoa siri ya mtu mtandaoni ili kumdhalilisha. Kifungo chake hufika miaka mitatu.

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu umemkata aliyekuwa karibu, basi.

Mlalamikaji yuko tayari kuifuta kesi kwa sharti moja: kabla ya Ijumaa, fundi aombe radhi kwa video, uso wake ukionekana. Mteja ameshawatangazia wafuasi wake wajiandae.

"Mdogo wangu, omba radhi yaishe," anasema dada yake mkubwa, anayeshona vifungo pembeni. "Ukifungwa, huyu mtoto atabaki na nani?"

"Nitaomba, dada." Mama Pindo ananigeukia. "Kwa vipimo nilikosa. Mtu akivua koti nimpime, ameniamini. Hilo silikatai."

Na matusi?

Anacheka, cheko lisilo na furaha. "Matusi yana uhuru wake, mwandishi. Mimi ndiye sina."

Amepanga kurekodi Alhamisi saa nne, binti akiwa darasani. Alirudi shule kwa shida, na mama hataki binti asimame pale amsikie akimnyenyekea mtu aliyewatukana wote wawili. Anatumaini kumwambia yeye mwenyewe akirudi, kabla hajaiona video hiyo kwenye simu za wenzake.

"Nimeshapanga maneno yote," anasema. "Ila akiniuliza yule mwingine ataniomba radhi lini, hapo sijui nimjibu nini."