Mbeleko Tupu Siku ya Mavuno

Hadi leo lori la pamba likinipita, hata niwe ndani ya basi na madirisha yamefungwa, ile harufu ya pamba mbichi, ya vumbi na mafuta ya mbegu, hunifikia. Abiria wenzangu huziba pua. Mimi hugeukia dirishani wasione machozi yangu.

Ndugu zangu, sisi tulilala juu ya pamba. Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi walipoingia, na malori yao yalifika kijijini kwetu, karibu na Dutwa, yalipopenda yenyewe. Basi pamba ilijazwa chumba cha watoto ikingoja. Tulijirusha humo mpaka baba anafoka, "Mtaigeuza fifi hiyo!" maana fifi, pamba iliyochafuka, haikuwa na mnunuzi. Mdogo wetu Kabula, aliyezaliwa wakati wa mvua na kupewa jina la mvua, tulimlaza katikati yetu, akacheka kila tulipozama. Alikuwa hajaota hata jino.

Homa ilimshika asubuhi. Mchana likaja degedege. Baba akampakia mama kwenye baiskeli, mtoto mgongoni, wakashika njia ya hospitali Bariadi. Walirudi jua halijazama, baba akikokota baiskeli, mama akimfuata kwa miguu. Nilikimbia kumpokea Kabula. Mama akanikwepa.

Baada ya maziko mama hakulia wala hakusema. Chakula alikisogeza tu pembeni. Yeye aliyetuamsha kwa nyimbo za kanisani, sasa sala ya jioni alituachia tusali wenyewe, akakaa nje. Niliogopa kwamba naye anakufa, ila polepole.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu watoto waliozaliwa mwaka ule walihesabiwa kuwa mavuno pia. Mama zao waliwapeleka mbele pamoja na vikapu vya mtama na michembe ya viazi vilivyokaushwa, na mchungaji alimtaja kila mtoto kwa jina akimshukuru Mungu. Kwaya ilipoanza, mama alisimama. Alikuwa amejifunga mbeleko ya Kabula mgongoni, tupu, inaning'inia. Akaingia kwenye mstari wa wenye watoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee wa kanisa akamshika mkono taratibu. "Mayu," alisema, kama tunavyomwita kila mama kwa heshima, "pole sana. Njoo ukae."

"Niache, baba." Sauti yake nilikuwa nimeanza kuisahau. "Alizaliwa. Sijamshukuru Mungu kwamba alizaliwa."

Kwaya ikanyamaza. Mchungaji akaweka mkono juu ya mbeleko ile, akasema, "Kabula," akashukuru kama alivyoshukuru kwa wengine. Ndipo mama akalia, kilio cha kutoka tumboni. Bibi mmoja akatoka viti vya nyuma, akasimama kando yake mikono mitupu. "Hata wangu alikufa hajaletwa hapa," alisema. Akaja mwingine, na mwingine, wakamshikilia asianguke.

Jioni mama alikula. Alikula huku analia, lakini alikula.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilidhani anamshukuru Mungu kwa kutunyang'anya mtoto, nikamchukia Mungu huyo kwa moyo wangu wote. Na jingine liliniudhi zaidi, mnicheke tu. Mimi ndiye kifungua mimba, jina langu Minza, na mama alikuwa Mama Minza kwa watu wote. Tangu siku ile wale wanawake wakamgeuza Mama Kabula, kisimani, mnadani, shambani. "Mwangaluka, Mama Kabula!" Naye aliitikia salamu hiyo ya asubuhi, uso umefunguka kidogo. Nilinuna. Mimi niliye hai nimepokonywa mama, kapewa aliyekufa!

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Kabula hakuacha picha, wala neno hata moja alilotamka. Aliacha jina tu, na sisi nyumbani hatukuthubutu kulitaja. Yule Mungu niliyemchukia aliwatuma wale wanawake wamtajie mama jina la mtoto wake kila asubuhi, kwa niaba yetu.