Ufa wa Chumba cha Uani

Mwanangu, kabla sijakukabidhi funguo za vyumba vya uani, nikusimulie siku moja niliyofanya ujinga hapahapa Mpanda, tena bila kutoka nje ya geti. Baba yako unanijua. Wenzangu wanapanda milima ya Mwese kulima, mimi napanda barazani kukaa. Nilikuwa bado kijana, vindevu vya kuhesabika, najiita baba mwenye nyumba.

Mpangaji wangu, Mama Shija, Msukuma, alikuwa anahama. Mume wake alikuwa ametangulia na ng'ombe kijiji cha Mamba, na lori la kumpeleka yeye na watoto lilikuwa linanguruma barabarani. Akilikosa hilo, mvua zingefunga njia.

Nikaingia kukagua chumba, mara ya kwanza tangu ahamie. Siku aliyohamia nilimrushia funguo tu nikarudi kwenye kiti. Nikakuta ukuta wa nyuma una ufa mrefu, umezibwa kwa udongo na samadi. Nikajiambia, nimemkamata! Ameharibu, kisha akaficha. Nikapiga kufuli, vitanda na magunia yake ya mahindi yakiwa ndani.

"Baba, huo ufa siyo wangu," akasema. "Nimeuziba tu, watoto walikuwa wanalowa."

"Kama siyo wako, uliuziba wa nini?"

Nikajiona mwanasheria. Yeye akakaa juu ya furushi, mtoto mgongoni, macho kwenye lori. Dereva akapiga honi.

Honi ile ndiyo iliyomtoa jirani yetu, Mama Kashindi, muuza vitumbua. Hakunisalimia. Alinishika mkono kama mtoto mtoro, akanipeleka nyuma ya chumba kile. Na pale, mwanangu, lilikuwepo shimo nililochimba mwenyewe kutoa udongo wa kufyatulia tofali, karibu kabisa na ukuta, kwa uvivu wa kubeba. Kila mvua lilijaa maji, maji yakala msingi. Tangu nimalize kujenga sikuwahi kufika huko. Ningefika kufanya nini, na kiti kiko mbele?

Nikafungua kufuli. Vitanda nikavibeba mwenyewe mpaka kwenye lori. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Ukandike tena kabla ya mvua, baba," akanijibu. "Mimi sipo."

Basi mpangaji akiingia, kagueni chumba pamoja, mpaka nyuma mfike. Akitoka, hivyohivyo. Alichovunja kweli, mwambie kwa upole akitengeneze. Kilichochakaa kwa kukaliwa ni chako. Na vitu vya mtu aliye safarini usivifungie, hata ukiwa na haki. Mungu aijaze nyumba yako watu wema, akupe na miguu inayofika uani zaidi ya yangu.

Siku ukijisahau, kumbuka alichoniambia Mama Kashindi lori lilipokata kona, nami nimesimama na kufuli mkononi: "Mwenye nyumba ndiye huyo ameondoka. Wewe ulikuwa unakalia kiti tu."