Taa Zilipogeuka Karabai

Shule ya usiku pale Mwanga, Kigoma, ilinifundisha mambo mawili: kusinzia nikiwa nimekaa wima, na umeme. Kwenye kusinzia sikuwa na mpinzani kuanzia Ujiji mpaka mpakani. Kwenye umeme nilipata cheti, na mama yangu akakifungia ndani ya sanduku la kanga kama hati ya kumiliki ziwa zima.

Cheti hakikunipa kazi. Koo ndilo lililonipa. Miaka ile ya wakimbizi, Warundi walikuwa wakivuka kwa maboti ya mbao kutoka upande wa Kagunga, mpakani, na kushukia ufukoni Kibirizi, na aliyejua Kiha aliweza kuzungumza nao, maana Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Basi nikakabidhiwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la gari la msaada, niite waliopoteana. Nilikuwa nikiita mpaka samaki wanageuka kuangalia.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu kiasi kwamba nadhani Nuhu alilikagua akalikataa. Dereva alikuwa mzee wa Kimanyema wa Ujiji, mwenye kofia ya kufuma na mdomo usiolala.

"Wewe msomi wa usiku," alikuwa akiniambia, "mchana unajua nini?"

"Mchana najua kwamba gari lako linakufa, Mzee."

"Litakuzika wewe kwanza, tena nitakupigia honi."

Gari hilo ndilo lililokuwa mnara wetu wa taa. Jua likizama, dereva aliligeuza likatazama ziwa, akawasha taa kubwa. Waendesha maboti walikuwa wameambiwa: mkiona taa mbili nyeupe, njooni moja kwa moja, hapo ni mchanga mtupu. Kushoto kwetu kulikuwa na mawe, mengine ukubwa wa nyumba, na maji huyafunika nusu. Kwa hiyo taa zile mbili hazikuwa pambo.

Lakini betri ya taa hizo ilikuwa na wategemezi kama mwenye mshahara mmoja Kigoma nzima. Kipaza sauti changu kilikula hapo. Kijifriji cha dawa kilikula hapo. Na waya mrefu ulitoka kwenye betri ukaingia hema la nesi, ukawasha taa aliyotafutia mishipa ya wagonjwa. Nesi alikuwa binti wa Kipare, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu, Kiha hajui hata salamu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu.

Gari likiwa linakimbia, mashine inayozalisha umeme huzunguka kwa kasi na wote hushiba. Gari likisimama, injini ikawa inanguruma kidogokidogo, mashine huzunguka kivivu na umeme unapungua. Kinachopungua huchotwa kwenye betri, betri nayo inachoka, na taa hazina pa kujificha: zinafifia mbele ya macho ya watu. Nasi injini tuliiacha ingurume chinichini, maana dizeli tuligawiwa kwa matone kama dawa ya macho.

Jioni ninayoikumbuka haikuwa na mwezi wala nyota. Alasiri lilikuwa limefika boti moja, na ndani yake mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Boti lilijaa walipokuwa wakipanda, akasukumwa ndani yeye na kichanga wake. Binti yake, wa umri wa kuanza shule hivi, akabaki na bibi yake kungoja boti la pili. Tangu aliposhuka, mama huyo hakwenda kwenye uji wala kwenye mkeka. Alisimama kando ya mlango wa gari, upande wangu.

"Umwana wanje araje?" aliniuliza. Mwanangu anakuja?

"Araje, mama. Anakuja."

Nilimjibu hivyo kila alipouliza, kwa sauti ya mtu mwenye habari za uhakika. Habari sikuwa nazo.

Baada ya Magharibi tukasikia mashine ya boti, mbali, ikikohoa. Mama akashika kioo cha mlango. Mimi nikawasha kipaza sauti nikaanza kuwapokea kwa Kiha. Wakati huohuo nesi alikuwa na mzee aliyekauka kwa kuhara, anahangaika kumwekea dripu, na kijifriji nacho kikaanza kuvuma. Dereva akainamia kioo.

"Profesa. Hebu tazama taa."

Nikatazama. Weupe ulikuwa umekwisha. Zilikuwa njano, njano ya mawese, na mwanga haufiki hata pale mawimbi yanapovunjikia.

"Zima hiyo midomo yako ya bati!"

"Nikizima watajuaje tuko wapi, Mzee? Izime ya hema!"

Nesi akapaza sauti kutoka hemani. "Atakayegusa taa yangu nitamchoma sindano yeye! Mshipa ndio nimeupata sasa hivi!"

"Basi friji," dereva akasema.

"Friji ina dawa za watoto!"

Na kila mmoja alikuwa na haki. Mpaka leo nikiwapanga wote mbele ya hakimu, sioni wa kumfunga. Nikazima kipaza sauti, dereva akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, na taa zikafumbuka nyeupe kama za harusi.

Ziliangaza maji matupu. Boti halikuwepo mbele yetu. Mashine yake tuliisikia kushoto, karibu kabisa, halafu tukasikia mbao zikipasuka juu ya mawe.

Mwendesha boti aliokoka, naye ndiye aliyetueleza, meno yakigongana, amefunikwa gunia. Alikuwa mvuvi wa dagaa tangu utotoni. Alitafuta taa mbili nyeupe, hakuziona. Aliona mwanga mmoja wa njano, chini, juu ya maji. Usiku wa giza kama ule, mwanga huo ni karabai, taa ya kuvulia dagaa, na penye karabai wenzako wametega. Hupiti juu ya wavu wa mtu, wala hukatizi mwanga wake ukawatawanya dagaa. Ni adabu ya ziwa. Mtoto wa mvuvi huipata kabla ya kujifunza kuogelea. "Nikasema hawa wako kazini, niwazunguke." Akawazunguka kwa upande wa kushoto kwetu, penye mawe.

Vijana wa Kibirizi waliingia majini na kutoa watu wengi, maana ufuko ulikuwa karibu. Bibi alitolewa akiwa hai. Alikuwa amekunja mkono kana kwamba bado ameshika kitu. Binti hakupatikana usiku ule, wala siku zilizofuata.

Lakini usiku ule hatukujua bado. Tulichomoa kila kitu. Nesi mwenyewe aliung'oa waya wake, akaja na chupa za maji ya moto. Dereva aliligeuza gari likatazama mawe, akakanyaga mafuta bila kujali atafokewa na nani, na mwanga ukawa mkali hata povu likaonekana punje kwa punje.

Mama akaingia ndani ya mwanga. Alikwenda mpaka maji yakamfika magotini, kichanga mgongoni, akasimama katikati ya taa zote mbili. Kivuli chake kikalala juu ya ziwa, kirefu, mpaka pale vijana walipokuwa wakizamia.

"Mwambie asogee," dereva akaninong'oneza. "Anatukingia."

"Mwambie wewe, Mzee."

Akashuka, injini ikapunguza sauti. Nikamwona akimfikia, akisema neno, naye akimjibu bila kugeuza kichwa. Dereva alivua kofia yake, akabaki nayo mkononi, kisha akarudi.

"Kasema nini? Kirundi chao sikukisikia vizuri."

Nilikuwa nimekisikia mimi. *Reka ambone*. Mwache anione.

Nikamwambia. Akafunga mlango taratibu, akakanyaga mafuta zaidi.