Mabua Yasiyo ya Ng'ombe

Alizeti yangu ilistawi ajabu, na ndiyo iliyoniletea balaa. Kwetu Tarime shamba likishavunwa, mabua ni ya ng'ombe wa wote. Ukizungushia miiba, umewatukana majirani. Mimi nilizungushia.

Niseme bila kumung'unya maneno: sumu ile tuliileta wenyewe. Enzi zile za dhahabu kila mtu alikuwa tajiri wa kesho. Mume wangu alibeba marudio, ule mchanga unaobaki kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu, akauosha tena kwa zebaki pale pale shambani. Maji nilimchotea mimi. Tulipata chembe mbili tatu, tukachinja mbuzi kwa furaha. Baadaye ajali ya pikipiki ikamchukua, nikabaki na shamba na watoto watatu.

Bwana shamba alipopima udongo, akaniambia zebaki na madini ya risasi vimejaa humo, nisithubutu kulima mahindi. Nipande alizeti, ivute ile sumu kidogo kidogo. Ikikomaa niing'oe yote na mizizi, niifunge kwenye magunia, gari la ofisi yake lije kuichukua. Isiguswe na mdomo wa mtu wala mnyama.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alifurahi kusikia hivyo. Akatangaza kwamba mwanamke asiyevuna chakula hana haja ya shamba, na kwamba wenye karasha wako tayari kulikodi. Thubutu! Nilimwambia mimi sing'oki, kinachong'oka hapa ni alizeti.

Siku niliyoanza kung'oa akaja na ng'ombe wake. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, na majirani wamejaa kutazama. Nikasimama na jembe kwenye mwanya wa miiba. Kama mbaya, mbaya.

"Shikamoo, mama," nikaanza, maana hasira haifuti adabu. Akaitikia kwa shida. Kisha nikamgeukia mwanawe. "Shemeji, pitisha ng'ombe. Ila yule unayemkamua aingie wa kwanza, ale ashibe. Kesho uwanyweshe wanao maziwa yake hapa hapa, watu wote hawa wakiona."

"Unanitishia majani?"

"Kama ni majani tu, sema ndiyo."

Akacheka, akawaangalia majirani wamsaidie kucheka. Wapi! Mkuki kwa nguruwe. Nilimchukia mtu yule, wala sikusogea.

"Jibu, mura," mama mkwe akamwambia mwanawe, kama anavyoitwa kijana kwa Kikurya.

Mama yule hakuwahi kunipenda, na tangu msiba alikuwa ananipita njiani kama kisiki. Lakini alimnyang'anya mwanawe fimbo, akawageuza ng'ombe mwenyewe, huku akimporomoshea Kikurya ambacho siwezi kukiandika. Kisha akarudi, akajifunga kanga kiunoni, akaniuliza mabua yanang'olewaje. Nikampa mifuko ya nailoni avae mikononi. Tulifanya kazi mpaka jioni.

Bwana shamba alirudi kupima. Sumu imepungua, akasema, lakini kidogo mno, itataka misimu mingi. Akamtazama mama mkwe kwa huruma.

"Bibi, huenda wewe usile mahindi ya shamba hili."

"Nani amekuuliza habari za kula?" mama mkwe akamjibu. "Aliyelimwagia sumu nilimzaa mimi. Lete mbegu."