Besi ya Eliakimu, Albamu kwa Albamu

Mteja wa spika huja dukani kwangu Mwanga, mjini Kigoma, na flashi yake mfukoni. Anataka tuchomeke nyimbo zake, na mimi simkatalii, maana ukimkatalia anakwenda kununua kwenye duka la pili. Zikiisha mbili tatu namwambia, sasa tusikilize na yangu moja. Hapo naweka Chuma cha Ziwa, albamu ya pili, wimbo wa nne, nasogeza hadi dakika ya tatu, kisha namwambia aweke kiganja juu ya boksi.

Nyimbo nyingi za siku hizi besi yake imetoka kwenye kompyuta. Imelainishwa, hata spika ya hovyo inaibeba. Besi ya Eliakimu, mpiga besi wa Chuma cha Ziwa, haijalainishwa na mtu. Spika nzima ikiipokea, utaisikia inapanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Spika feki inajamba. Nimeuza spika miaka kumi na saba na sijapata kipimo kingine kinachomaliza ubishi haraka namna hiyo.

Nasema hivi mapema nisije nikadhaniwa shabiki. Chuma cha Ziwa ni bendi ya watu watatu wa hapahapa Kigoma. Wanapiga roki nzito, ile inayoitwa metali: gitaa linakoroma kama mashine ya kusaga, na wimbo mmoja unaweza kwenda dakika kumi na mbili ukibadilisha mwendo mara tano. Mke wangu akiusikia anachukua kanga yake na kwenda kwa jirani. Mimi nimeisikiliza besi ya albamu zao zote kuliko wao wenyewe, kwa sababu ya biashara, na mwaka jana ilibaki kidogo tu tuikose.

Eliakimu alizaliwa Ilagala kwa wavuvi. Yeye mwenyewe hakupenda kuvua, alipenda mashine zinazosukuma boti, akaja mjini kujifunza ufundi pale Kibirizi. Siku alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono myeusi kwa oili. Ukutani nilikuwa nimetundika gitaa la besi nililolipata kwa mchuuzi wa Kongo, lilikuja pamoja na spika za kanisa moja la ng'ambo ya ziwa. Lilikuwa na nyuzi tatu.

"Shikamoo, mzee. Hilo gitaa vipi?"

"Marahaba. Acha kwanza kulitazama hivyo, bei itapanda."

"Lina nyuzi tatu."

"Ndiyo maana liko hapa. Lingekuwa na nne lingekuwa Dar."

Akageuka akatazama jenereta yangu kwenye kona. "Na hiyo imekufa lini?"

"Nani kakwambia imekufa? Nimeipumzisha."

"Mzee, umeme umekatika Mwanga nzima, na wewe unauza redio kwa mwanga wa tochi."

Tukapatana: aifufue jenereta, achukue gitaa. Alichomoa bisibisi, akagusisha ncha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kama daktari, halafu akaniambia nivute kamba. Alisikiliza mivuto miwili. Akafungua kitu kimoja, akakisafisha kwa petroli, akakirudisha, ikaunguruma. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Nikajua nimepunjwa, na nikamheshimu kuanzia hapo.

Mahali pa uzi wa nne alifunga waya wa klachi ya pikipiki. Waya huo ndio unaosikika kwenye albamu ya kwanza, hasa wimbo wa kufungulia, ule unaohusu maji yalivyopanda na kumeza nyumba za ufukweni. Kila akiugusa unakwaruza, kama mtumbwi unaoburutwa kwenye changarawe. Sauti ile si nzuri. Lakini ukiisikia mara moja huisahau, na mwaka uliofuata aliponunua nyuzi halali watu walimwuliza ule mkwaruzo kaupeleka wapi.

Albamu ya pili ndiyo yenye wimbo wangu wa kupimia, Plagi Moja. Besi yake inahesabu saba badala ya nane. Mpiga drams wao ni Scola, binti wa Kalinzi aliyejifunzia kwenye kwaya, na kwaya ya Kalinzi haijawahi kuhesabu saba. Mazoezi ya kwanza alitupa fimbo chini.

"Kaka Eli, unaruka moja."

"Siruki. Ndivyo mashine ilivyo."

"Mashine gani?"

Akamshika mkono hadi ufukweni, akafunga mashine ya boti kwenye pipa la maji, akaiwasha ikiwa na plagi moja mbovu. Ilikuwa inapiga na kukosa, inapiga na kukosa, ikirudi palepale kila mara. Scola alisimama pale mpaka akaanza kutikisa kichwa. Aliporudi alikaa kwenye drams akapiga saba bila kukosea, na akamwambia kwamba mtu mwenye akili angeitengeneza hiyo plagi badala ya kuitungia wimbo.

Ya tatu ina wimbo unaoitwa Mwezi Mpana. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo boti zinakaa pwani siku kadhaa. Yassir, mpiga gitaa na mwimbaji wao, ana boti ya dagaa, basi bendi hii haijawahi kufanya mazoezi ila siku za mwezi. Katikati ya wimbo huo Yassir ananyamaza, Scola ananyamaza, na besi inatembea peke yake dakika nzima, polepole, kama mtu asiye na kazi anayepita pwani kukagua boti za wenzake. Wateja ambao hawataki hata kusikia habari za metali wameniuliza kipande hicho ni cha nani.

Sasa tuje kwenye mwaka jana. Ziwa lilipofunguliwa baada ya miezi mitatu ya kupumzisha samaki, kila mwenye boti alikumbuka mashine yake siku hiyohiyo. Eliakimu alikuwa na mashine tatu nne zinanguruma kwenye mapipa kwa pamoja, kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama. Na mwezi ulipojaa, wakaanza mazoezi ya albamu ya nne katika ghala la dagaa la Kibirizi, kwa spika zangu. Mkataba wetu ni kwamba mimi nawaazimisha spika, wao wananipa nyimbo kabla hazijatoka.

Siku ya kwanza Eliakimu akaniambia, "Mzee, spika zako siku hizi hazina chini, besi siipati."

Mfanyabiashara haambiwi hivyo mbele za watu. Nikaleta nyingine. Akasema hizo ndizo mbaya zaidi. Zile za kwanza nikazirudisha dukani, nikazitenga kama mbovu, moja nikaipunguza bei ili iondoke. Nikaleta jozi ya tatu. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akatikisa kichwa, na besi yake ikawa inakuja nyuma ya drams kama mtu anayechelewa misa.

Yassir akanivuta nje. "Mzee Bonifasi, mimi nimechoka. Studio ya Ujiji tumeshaishika, tunaingia mwezi ujao. Nafikiri besi tuitengeneze kwenye kompyuta."

"Umemwambia mwenzio?"

"Nitaanzaje? Tumeanza wote."

Nilirudi ndani nikaweka kiganja juu ya boksi. Kiganja kiliniambia spika ni nzima. Bati la dirisha lilikuwa linacheza, mizani ya dagaa juu ya meza ilikuwa inatembea yenyewe. Spika isiyo na chini haitembezi mizani. Basi kama ubovu hauko kwenye spika, uko kwa anayesikiliza.

Walipopumzika nikamfuata kwa nyuma, akiwa ameinama anafunga waya. Anayo mashine ya boti, ya nguvu za farasi arobaini, aliyoijenga mwenyewe kutoka mabaki ya mashine mbili, na hajawahi kukubali bei ya mtu yeyote. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Eliakimu, ile ya arobaini nakupa jogoo mmoja, tumalizane."

Aliendelea kufunga waya. Nikarudia, nikasema jogoo mwenyewe ni kilema. Akavuta waya mwingine. Scola alicheka, halafu akaacha kucheka akanitazama. Mtu unayemdhalilishia mali yake hivyo na hageuki, huyo hasikii.

Nikamgusa bega, nikamtoa hadi kwenye mchanga kunakoanikwa dagaa, nikamsimamisha tutazamane aione midomo yangu.

"Masikio yana muda gani?"

Alitaka kubisha. Akatazama ziwa. "Tangu lifunguliwe. Yalianza kupiga filimbi kwa sababu ya kelele. Nikawa naweka mawese ya moto kidogo kila asubuhi, halafu pamba, kama bibi alivyotufanyia. Filimbi ikapungua. Na kila kitu kikapungua."

"Yassir anajua?"

"Yassir akijua nimetoka kwenye bendi. Na wenye boti wakijua, nani ataniletea mashine? Mimi mashine naitambua kwa sikio, mzee. Sina kipimo kingine." Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu bila kujua, na akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa wakainua vichwa.

"Hospitali umekwenda?"

"Nikaambiwe yamekufa? Bora nisiambiwe."

Kubembeleza sikuwezi, kwa hiyo nikampa biashara. Akienda zahanati na mimi kesho asubuhi, na wakisema yamekufa, nampa spika kubwa kuliko zote dukani kwangu, iwe yake. Wakisema yamepona au yatapona, ananihudumia jenereta mwaka mzima bure.

"Unacheza kamari na masikio yangu?"

"Wewe si unasema yamekufa? Basi una uhakika wa spika."

Alifikiri. "Kubwa ipi? Ile ya dirishani?"

"Hiyohiyo."

Akanipa mkono. Nikiri kwamba sikulala vizuri. Ile ya dirishani ilikuwa nimeshamwahidi mtu wa Kasulu.

Nesi aliyetupokea aliitwa Stephania, mama wa makamo, mzoefu wa watu wa ziwani. Alimulika sikio la kulia, akamulika la kushoto, akarudi la kulia. Akazima kitochi.

"Umeweka nini humu, mwanangu?"

Nikamjibia, maana nesi alikuwa ubavuni, na Eliakimu bila kuona midomo alikuwa hasikii. "Mawese, na pamba juu."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Ya Kalinzi au ya Ilagala?" Alisema kwa utulivu kabisa, huku anaandika. "Maana mimi chupa yangu ya mawese jikoni asubuhi za baridi lazima niiweke juani ndipo imwagike. Nyie mnayagandisha masikioni. Nta, mawese na nyuzi za pamba, vyote vimeshikana huko ndani. Wewe ni wa tatu tangu ziwa lifunguliwe."

Alimpa dawa ya matone ya kulainisha, akatuambia turudi baada ya siku tatu na asithubutu kuchokonoa. Siku tatu hizo Eliakimu alifunga kibanda chake cha ufundi, akawaambia wenye boti ana malaria. Kila mchana alikuja kukaa dukani kwangu, ameielekea ile spika ya dirishani kama anaiaga au anaikaribisha, sikuweza kujua.

Tuliporudi, nesi alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akajaza maji ya vuguvugu, akasukuma polepole. La kulia halikutoa kitu mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu kikadondoka kwenye beseni kitu cha rangi ya machungwa, kikubwa kama punje ya hindi, na uzi wa pamba umening'inia. Cha kushoto kikafuata.

Eliakimu alikaa wima. Alitazama juu.

"Hiyo feni inapiga kelele siku zote?"

"Miaka miwili sasa," nesi akasema. "Beringi imekwisha. Hakuna fundi."

"Si beringi. Panga moja limepinda, linakwaruza kava."

Nesi akanitazama. Mimi niliangalia beseni. Sijui kwa nini nilijikuta nacheka, maana masikio hayakuwa yangu. Labda ni kwa ajili ya mtu wa Kasulu.

Alimpima tena akamwambia ukweli. Sikio la kushoto sauti nyembamba zimepungua kidogo kwa sababu ya mashine, na hizo hazirudi. Kuanzia leo avae vifuniko vya masikio kazini, na mawese ale na ugali.

"Nyembamba achukue Yassir," Eliakimu akasema. "Mimi napiga besi."

Siku ya mazoezi iliyofuata aliingia ghalani, akachomeka gitaa, akapiga uzi mmoja, akaruka nyuma. Akapunguza sauti. Akapiga tena, akapunguza tena.

"Mzee, spika zako zina kelele."

"Rudia tena nizichukue," nikamwambia.

Akawaeleza wenzake yote, mawese na pamba na punje ya hindi. Scola alicheka mpaka akashuka kwenye drams. Yassir hakucheka. Alisema, "Nilitaka kuweka kompyuta mahali pako," na Eliakimu akajibu, "Ningekuwa mimi ningeiweka wiki ya kwanza." Wakaanza wimbo.

Albamu ya nne imetoka, na besi yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote nne, ingawa kwa kupimia spika haifai, maana haina fujo. Kwenye wimbo wa mwisho anapiga chini kabisa, kwa upole, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Mafundi wa Ujiji walitaka waipandishe. Alikataa, akasema inasikika.

Jenereta yangu inahudumiwa kila mwezi, bure. Ile ya dirishani ilikwenda Kasulu. Imebaki habari ya ile spika niliyoipunguza bei kama mbovu wakati nyote mnajua ilikuwa nzima. Aliyeinunua ni Yassir, alinibana nusu ya asubuhi akitaja ubovu wake mmojammoja. Mpaka leo anawaambia watu kwamba ameitengeneza mwenyewe.