Wa Tatu Anakunywa Maji

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu wa hesabu amesimamia mitihani, na kazi hiyo imemfundisha kutomwamini mtu anayetazama dari. Maji yalipoanza kupungua kwenye rejeta ya gari lake, hakutafuta tundu. Alitafuta mtu.

Alikuwa na sababu zake. Alitandaza gazeti chini ya injini siku mbili, halikulowa hata tone. Mipira yote ya kupitisha maji ilikuwa mizima. Hata hivyo kila Jumatatu maji yalikuwa yameshuka, na kila Jumamosi gari huchukuliwa na mdogo wake, ampeleke mkewe hospitalini kwenye mazoezi ya mguu. Mdogo huyo ni wa tatu kati ya watoto wanne, na Mwalimu ndiye dada yao mkubwa. Marehemu baba yao aliwaita kwa namba kama mahudhurio ya darasani, na jina la Wa Tatu limemganda hadi leo, ana mvi.

“Nitafutie anayemaliza maji yangu,” Mwalimu alimwambia fundi, akamwachia gari.

Fundi anaitwa Sikio, kwa kuwa husikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Kesho yake alipiga simu.

“Mwalimu, nimemkamata. Ni wa tatu. Ndiye anayekunywa maji.”

“Una hakika?”

“Wenzake wote wazima. Yeye tu.”

“Nilijua,” akasema Mwalimu, akakata simu.

Mchana huohuo alisimama sebuleni kwa mdogo wake, akadai ufunguo wa akiba.

“Kuna nini, Dada?”

“Unalipeleka wapi gari langu hadi linamaliza maji?”

“Hospitali na kurudi.”

“Nimekubeba mgongoni ukiwa mtoto, leo unanizungusha kwa maneno? Lete.”

Mke alikuwa kitini, mguu juu ya stuli, akisikia yote. Wa Tatu alitoa ufunguo bila neno. Mwalimu aliuhesabu ukimya ule kuwa ni kukiri, kama anavyofanya kwa wanafunzi.

Asubuhi alikwenda gereji. Sikio alikuwa amepanga plagi nne za injini juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia. Moja ilikuwa nyeupe, kama iliyosuguliwa.

“Huyu ndiye wa tatu.”

“Wa tatu yupi?”

“Silinda, Mwalimu. Sisi huku tunaziita kama watu. Huyu mvivu, yule anakohoa. Kwani ulidhani nani?”

Mwalimu aliinamia plagi ile nyeupe. Sikio akaendelea, akigonga chuma kwa kidole.

“Hivi ni vyumba vinne, kila kimoja na pistoni yake. Ikishuka, inavuta hewa na petroli. Ikipanda, inabana. Plagi inatoa cheche, vinaungua, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Ikipanda tena, inatoa moshi. Maji kazi yake ni kupita nje ya kuta, yapoze. Gasketi ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye moto, na yako imeungua hapa kwa wa tatu. Yanaingia, yanageuka mvuke, yanatokea kwenye ekzosi, bomba la moshi. Gazeti litalowaje? Na mvuke huo ndio umeiosha plagi.”

“Kwa hiyo aliye msafi ndiye mkosaji.”

“Humu ndani, ndiyo. Huko nje sijui, mimi si polisi.”

Gasketi ilibadilishwa. Ijumaa Mwalimu alirudi kwa mdogo wake, akaeleza kosa lake waziwazi, akaweka ufunguo mezani. Mke alitazama pembeni.

“Nimekusamehe, Dada,” akasema Wa Tatu, mikono ikiwa kifuani. “Lakini ufunguo siutaki bure. Kila Jumamosi utafungua boneti, tuyatazame maji pamoja kabla sijaondoka. Nikirudi, tena.”

“Haina haja. Injini imepona.”

“Injini, ndiyo.”

Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Maji hayajashuka hata kidogo, na kila Jumamosi wawili hao huinama juu ya rejeta, kila mmoja akimtazama mwenzake anavyotazama.