Nilimwambia Mama Ajibu Ndiyo

Ndugu zangu, nimekosa, na safari hii sina wa kumsingizia. Jina langu liacheni. Naishi Kiseke, hapa Mwanza, na kazi yangu ni kompyuta. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa.

Mama yangu anaishi Buswelu. Ni mjane, alitusomesha kwa cherehani. Elimu yake ni darasa la saba, lakini ni katibu wa jumuiya kanisani, na kompyuta niliyompa alishaizoea. Aliitumia kuandika taarifa zake, na kila Jumapili walipigiana simu ya video na mdogo wake aliyeko Bukoba. Simu yake ya mkononi ni kitochi tu, haina video.

Mwaka jana nikajifanya mjuaji. Nikaitoa Windows, mfumo aliouzoea, nikamwekea Linux, mfumo mwingine tunaoupenda sisi mafundi. Sababu? Sifa tu! Nilitaka niwatambie wenzangu kazini kwamba hata mama yangu anatumia Linux. Ile programu ya simu za video sikuirudisha. Nikasema nitamwekea siku nyingine.

Siku hiyo haijafika, mama mdogo akapata kiharusi. Akawa hawezi kutamka hata neno moja. Kitochi kingemsaidia nini mama? Alihitaji kumwona mdogo wake, na yeye aonwe. Kusafiri hadi Bukoba asingeweza, nyonga inamsumbua.

Akanipigia. "Mwanangu, njoo uniwekee ile ya kuonana."

"Mama, nimebanwa na kazi. Chukua kalamu nikusomee, utaiweka mwenyewe."

Kutoka Kiseke hadi Buswelu, jamani! Bodaboda moja tu!

Kwa njia niliyompa, ilibidi aiandikie kompyuta amri ndefu, herufi kwa herufi. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye nenosiri, maana ukiliandika halionekani. Mama akadhani kibodi imekufa. Mimi nikacheka. Nilicheka kweli!

Siku ya pili nenosiri likakubali. "Sasa imeniuliza kitu kwa Kiingereza," akasema.

"Inauliza kama iendelee. Ijibu ndiyo, halafu bonyeza Enter."

Nikasikia akibonyeza. "Nimejibu ndiyo. Imekataa."

"Rudia."

"Imekataa tena, baba."

"Mama, kujibu ndiyo tu kunakushinda? Mbona unakuwa mgumu hivyo!"

Nikakata simu. Nilimkatia simu mama yangu mzazi.

Siku ya tatu hakunipigia, na mimi sikumuuliza. Siku ya nne asubuhi wakapiga kutoka Bukoba. Mama mdogo amefariki. Binti yake aliniambia huku analia kwamba siku zile zote, simu ikiita tu, mgonjwa alikuwa anageuza macho kumtafuta dada yake kwenye kioo cha simu.

Ndipo nikapata nafasi ya kwenda Buswelu! Sebule ilishajaa watu. Nikapita moja kwa moja chumbani, nikaikuta kompyuta bado inawaka. Nikasoma.

Lilikuwa swali lile lile, na mwisho wake herufi mbili za kuchagua, Y na n. Y ni ndiyo ya Kiingereza, n ni hapana. Mama kila mara alikuwa ameandika N. N ya ndiyo! Nilihesabu mara kumi na tisa, na nyingi ni za siku ile ya tatu, niliyodhani amekata tamaa.

Alitii nilichomwambia. Mimi ndiye niliyesahau kwamba anafikiri kwa Kiswahili. Nilikaa kitandani kwake nikalia kama mtoto.

Nilipotoka nikamsikia akiwaambia wageni, "Ni ujinga wangu. Kijana alinielekeza vizuri, mimi ndiye nimeshindwa. Nimemnyima mdogo wangu kuniona."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Watu wakanitazama kwa huruma, na mmoja akanishika bega. Sikufungua mdomo!

Wenzangu mnaojua mambo haya, nawaomba. Mzazi asiwe mahali pa kujaribia ujuzi wenu. Ukimwondolea kitu alichokizoea, kaa naye mpaka aweze kipya. Na akikuita, nenda! Usimfundishe kwa simu huku unamfokea.

Juzi mama ameniletea ile kompyuta, ameifunga vizuri kwenye kanga. Akaniambia nimpe mtu mwenye akili. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Ukweli bado sijamwambia.